Jaketi la kuelea: kwa nini ubaridi wa maji ndio unaoamua ukubwa wake

Jaketi la kuelea ni ile fulana inayojazwa hewa, ambayo mzamiaji hufungia mtungi mgongoni. Wengi hudhani kazi yake ni kumbeba mtu. Sivyo, mwili wenye pumzi kifuani unakaribia kuelea wenyewe. Jaketi hufidia vitu viwili: uzito wa hewa ya mtungini, na ueleaji ambao suti ya kuzamia huupoteza kadiri unavyoshuka.

Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi shinikizo la baa 200 hubeba hewa ya kilo 2.5 na ushee. Hiyo haibadiliki sana popote uzamiapo. Kinachobadilika ni suti. Hushonwa kwa neopreni, mpira uliojaa viputo vya gesi; kwenye meta 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, kwenye meta 30 ni mara nne, na viputo husinyaa.

Mnemba, Unguja, maji huwa nyuzi 25 hadi 30, na suti ya milimita 3 yatosha. Tuseme inapoteza kilo 2 chini: jumlisha hewa, unapata 4.5. Jaketi la kuinua kilo 10 lina akiba nzuri ya kukuweka kichwa juu kwenye mawimbi. Cape Town, upande wa Atlantiki, maji ya nyuzi 12 yanadai milimita 7. Hiyo yaweza kupoteza kilo 6, jumla 8.5, basi tafuta jaketi la kilo 16 au zaidi. Jaribu pia vitufe vyake ukiwa umevaa glavu nene, maana dukani kila kitufe ni chepesi.

Kosa kubwa ni risasi nyingi kiunoni, yaani vile vizito vya madini ya risasi vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Kila kilo ya ziada hudai lita moja ya hewa jaketini, na hewa hiyo hutanuka maradufu ukipanda kutoka meta 10. Usipoitoa mapema, unafyatuka juu kama boya lililokatika kamba, na mapafu yako hatarini.

Pima hivi: mwisho wa mbizi, mtungi ukibaki na baa 50, kaa meta 5 na utoe hewa yote jaketini. Ukipumua kawaida na kubaki palepale, risasi ni sawa. Ukizama, mbizi ijayo punguza kilo moja. Ukihamia Ziwa Tanganyika, ambako hakuna chumvi, mzamiaji mwenye kilo 100 pamoja na vifaa apunguze kama kilo 2.5.