Mashine ya kupima ioni za maji: namba inatoka wapi?

Watu waliofunga mashine hizi huniuliza sana kwa nini namba inayoonekana kwenye skrini haifanani na ya maabara. Jibu linaanzia mahali ambapo wengi hawatazami: mashine haihesabu ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme zilizoyeyuka majini. Inasoma volti, kisha inakadiria kiasi cha ioni kutokana na volti hiyo. Pampu, valvu na chupa zote zilizomo ndani ya sanduku lile zipo ili makadirio hayo yasipotoke.

Ncha ya elektrodi, kile kijiti cha kupimia kinachogusa maji, imefunikwa kwa utando unaoipokea ioni ya aina moja zaidi kuliko nyingine. Utando wa pH ni wa kioo maalumu, na tabia hiyo ya kioo imejulikana tangu 1906. Wa floridi ni fuwele ya floridi ya lanthanamu, iliyoletwa na Frant na Ross mwaka 1966, na kwangu mimi bado ndio utando wa kuaminika kuliko yote. Wa potasiamu ni plastiki laini ya PVC iliyochanganywa na valinomisini, molekuli ya duara ambamo ioni ya potasiamu hukaa barabara. Ioni ya sodiamu ni ndogo zaidi, lakini haishikwi vizuri humo. Kila ninapoeleza jambo hili hunifurahisha upya: molekuli moja inatofautisha metali mbili zinazofanana karibu katika kila kitu.

Ioni zinapokutana na utando, chaji hujitenga pale maji na utando vinapogusana, na volti hutokea. Volti hiyo hupimwa dhidi ya elektrodi rejea, ambayo volti yake haitakiwi kubadilika, kwa kawaida waya wa fedha wenye kloridi ya fedha ndani ya mmumunyo wa kloridi ya potasiamu. Kwa kuwa ukinzani wa utando ni wa mamilioni ya omu, saketi inayosoma inapaswa kuvuta mkondo mdogo kiasi cha kuwa kama haivuti kabisa.

Kinachofuata ni kanuni ya Nernst, inayounganisha volti na kiasi cha ioni. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ioni yenye chaji moja ikiongezeka mara 10, volti hubadilika kwa milivolti 59.2. Kwa kalsiamu na magnesiamu, zenye chaji mbili, ni 29.6 tu. Tatizo lote limo katika namba hizi. Kosa la milivolti 1 huwa kosa la asilimia 4 hivi kwenye nitrati, na asilimia 8 kwenye kalsiamu. Elektrodi kuhama milivolti moja au mbili kwa siku ni jambo la kawaida: utando huvuja viambato vyake polepole, utelezi wa bakteria hujengeka juu yake, na kizibo chenye vinyweleo cha elektrodi rejea huziba.

Ndiyo maana naona thamani ya mashine ya kujiendesha haiko katika kupima mara nyingi, iko katika kujisawazisha mara nyingi. Pampu husafisha chumba cha kupimia, huleta mmumunyo ambao kiasi chake kinajulikana, husubiri volti itulie, kisha huleta maji yako. Volti ya mwanzo huhama haraka, hivyo husahihishwa kwa mmumunyo mmoja karibu kila mzunguko. Mwinamo, yaani zile milivolti 59, hubadilika taratibu, kwa hiyo mmumunyo wa pili huletwa mara chache zaidi. Mimumunyo na sampuli vikipita katika chumba kimoja chenye joto moja, kosa kubwa la joto huondoka lenyewe.

Lakini kujisawazisha hakumwondoi mgeni asiyealikwa, yaani ioni nyingine ambayo utando huipokea pia. Chukua nitrati katika maji ya bahari, yenye kloridi gramu 19 hivi kwa lita. Hata utando ukiipendelea nitrati mara 200 kuliko kloridi, kloridi hiyo itasomeka kama miligramu 160 hivi za nitrati kwa lita. Ukitafuta miligramu 5, zimezama. Hapo nawashauri watu watumie njia nyingine kabisa. Amoniamu, ioni ya amonia, nayo ina mshindani wake, potasiamu, na mashine nzuri hupima zote mbili ili iondoe mchango wa potasiamu.

Kuna jambo moja linalosababisha ugomvi mwingi na maabara. Elektrodi huhisi nguvu halisi ya ioni zilizo huru. Katika maji yenye chumvi nyingi ioni huzuiana, na kalsiamu iliyofungamana na salfati haihesabiki. Maabara huhesabu yote. Kwa hiyo chupa ya kusawazishia lazima iwe na chumvi zinazokaribiana na za maji yako. Ukisawazisha kwa mmumunyo wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) kisha ukapima maji ya chumvi, namba itatulia vizuri kabisa na itakuwa si sahihi.

Ninapofungua kumbukumbu za mashine yoyote, naanza na mwinamo, kisha muda unaochukua volti kutulia, na namba ya ioni naiacha mwisho. Elektrodi ya nitrati iliyoanza na milivolti 57 na sasa inatoa 48 imechoka, hata kama usomaji wake bado unaonekana wa kawaida. Ikiwa mwinamo ni mzuri lakini bado una shaka, ongeza kiasi kinachojulikana cha ioni hiyo kwenye sampuli yako na uone kama mashine inakipata chote.