Picha ya mbwa yenye hisia kwa pasteli: maana yake

Pasteli ni kijiti cha rangi kavu: unga wa rangi uliochanganywa na chokaa laini na gundi kidogo sana, ya kuushika tu usimomonyoke mkononi. Mtu akiiona mara ya kwanza huidhania chaki ya shule, ila chaki haina rangi ya kutosha ndani yake. Pasteli haihitaji maji wala brashi, na hakuna kusubiri ikauke. Katika karne ya 18 Rosalba Carriera wa Venice alijulikana Ulaya nzima kwa sura za watu alizochora kwa pasteli. Ipo pia pasteli ya mafuta, lakini ninayoizungumzia hapa ni ile kavu.

Picha yenye hisia ni ile ambayo mchoraji ameamua jambo moja kuhusu tabia ya anayemchora, kisha kila mkwaruzo ukalitumikia jambo hilo. Wengi wetu husifu mchoro kwa kufanana na picha ya kamera. Huo ni ufundi halali, lakini si hisia. Hapa Kigoma, mbwa anayelinda geti kule Mwanga na mwenzake anayeshinda chini ya mwembe Ujiji wanaweza kuwa na rangi ileile na masikio yaleyale. Picha yenye hisia humfanya mwenye mbwa aseme, "Huyu ndiye wangu."

Kosa la kawaida ni kumpa mbwa tabasamu la binadamu. Mbwa anazo ishara zake: masikio yaliyolala nyuma, kichwa kilichoinama upande, na zaidi ya yote nyusi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na Marekani walionyesha kwamba mbwa ana msuli wa kuinua nyusi upande wa ndani, msuli ambao kwa mbwa mwitu wa kaskazini (wolf kwa Kiingereza) ni hafifu au haupo kabisa. Ule mtazamo wa kuomba unaotulainisha mioyo unatoka hapo. Kwa hiyo mkunjo mdogo juu ya jicho unastahili muda mrefu kuliko mgongo mzima.

Na jicho lenyewe lichunguze kwa karibu. Mbwa aliyelala barazani mchana huwa na mng'ao wa anga sehemu ya juu ya jicho, samawati iliyofifia, na chini yake wekundu hafifu wa udongo wa uani. Weka kwanza weusi wa mboni, halafu kahawia, halafu rangi hizo mbili za mng'ao, na mwisho kabisa nukta moja ya mwanga. Iwe moja tu, upande unakotoka mwanga. Ukichora kutoka picha ya simu, unapoipiga chuchumaa ulingane na sura ya mbwa, na usiwashe taa ya simu. Nyuma ya retina ya mbwa, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake huwaka kijani na hisia yote hupotea.

Manyoya ndiyo yanayoipa pasteli heshima yake. Mbwa wetu wa kienyeji huitwa "wa kahawia" basi, lakini mtazame jua la saa kumi: begani ana rangi ya chungwa, kivulini ana zambarau. Pasteli huziacha rangi hizo zikae tabaka juu ya tabaka bila kuchanganyika zikawa tope, mradi usizisugue kwa kidole kila mara. Anza na rangi nzito, malizia na nyepesi, ukifuata manyoya yanakolala. Pua na jicho zichore kwa makini. Shingo iache na mikwaruzo mikubwa, hata karatasi ionekane.

Karatasi iwe na ukwaru wa kushika unga. Kwa mazoezi, msasa laini kutoka duka la vifaa vya ujenzi unafaa, ingawa haudumu miaka mingi. Unga unaomwagika usiupulize kwa mdomo, kwa sababu baadhi ya rangi ni sumu zikivutwa. Kung'uta ubao nje. Dawa ya kupuliza ya kukazia unga hutia giza rangi nyepesi, hivyo wengi huiepuka na kuitegemea fremu ya kioo. Mwambie fundi aache nafasi kati ya kioo na mchoro. Vikigusana, unga huhamia kwenye kioo, na nukta ya jicho ndiyo hutangulia kuondoka.