Pedi za breki ya mbele zinaisha haraka? Zisome kabla ya kuzitupa

"Mjomba, pedi ulizonipa zile feki, zimekwisha tayari." Muuza spea yeyote wa Mtwara ameshaambiwa hivyo, hasa msimu wa korosho, pikipiki zinapobebeshwa magunia kutwa. Pedi feki zipo, hilo halina ubishi. Ila pedi iliyoisha hueleza yenyewe kilichoimaliza, na mafundi wengi huitupa bila hata kuigeuza.

Ukizifungua, zilaze mbili pamoja. Pikipiki nyingi ndogo zenye diski mbele zina kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, yenye pistoni upande mmoja tu. Pistoni inaisukuma pedi ya upande wake, halafu kalipa inateleza kwenye pini zake na kuivuta ya upande wa pili. Ukikuta ya upande wa pistoni imefika kwenye chuma na ya pili bado ina milimita tatu, shuku pini kwanza: zimekwama, kalipa haitelezi. Funga pedi za bei yoyote, ya upande wa pistoni itakwisha vilevile. Pedi ikiwa imeliwa mshazari, nene huku na nyembamba kule, kalipa imekaa upande au pedi yenyewe imegandia mahali inapotakiwa kuteleza. Zikiisha sawasawa lakini mapema, hapo ndipo pa kuuliza habari za pistoni isiyorudi, diski yenye mifereji, au dereva.

Kijiweni utasikia na mengine. "Ya mbele kuisha kabla ya nyuma ni ugonjwa." Si lazima. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Wanaoiogopa wana haki yao kwenye mchanga, kama ule wa Msimbati, maana tairi la mbele likijifunga pale unalala chini. Kwenye lami kavu, kuisusa ni kujiongezea umbali wa kusimama.

"Kushuka nyutro kunaokoa mafuta." Anayetoka Newala kwenda Masasi anateremka kutoka uwanda wa Makonde, na akiwa na mishikaki nyuma, pikipiki ikiwa nyutro, injini haimsaidii kitu. Breki zinabeba mzigo wote, zinapata moto, pedi zinaliwa. Tumia gia ya chini, injini ikushikilie.

"Grisi ni grisi." Hapa ndipo pedi nyingi za pwani zinapomalizikia. Hewa ya chumvi ya Mikindani na Lindi mjini inaotesha kutu kwenye pini, fundi anazipaka grisi ya beringi, zinateleza vizuri kwa muda. Baadaye raba za kalipa zinavimba, kwa kuwa hazipatani na grisi ya kawaida, na pini zinabana kuliko mwanzo. Pini zisuguliwe kutu, zipakwe kidogo grisi ya silikoni ya breki. Pistoni nayo ifutwe vumbi kabla ya kuirudisha ndani, la sivyo unausukuma uchafu kwenye raba yake.

"Mafuta ya breki yakipungua, jazia." Kagua kwanza pedi, na kama kuna panapovuja. Pedi zikipungua, pistoni inatoka zaidi na mafuta yanashuka kuifuata. Ukijazia, siku ya kufunga pedi mpya yanafurika na kubabua rangi ya tenki.

Kama bado unashuku breki inashika muda wote, inua tairi la mbele, bana breki, achia, kisha zungusha tairi kwa mkono. Kukwaruza kidogo ni kawaida. Likiwa gumu, weka kitambaa na ulegeze nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Tairi likiachia, presha ilikuwa imenaswa: tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda, ile pampu ya breki kwenye usukani, limeziba, mpira wa kupitishia mafuta ya breki umevimba kwa ndani, au mkono wa breki uliobadilishwa unaikandamiza masta hata usipoushika. Huu wa mkono nauona sana kwenye pikipiki zilizowahi kuanguka. Lisipoachia, rudi kwenye kalipa, kwenye pistoni na pini. Kisha kaza nati, weka mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4, na utoe upepo kabla ya kuondoka.