GT 730 ya 4GB siyo kadi ya gemu, hata boksi liseme nini

Nimechoka kulisema hili kwa mmoja mmoja, naliandika lisomwe na wote: GB (gigabaiti za memori) zilizoandikwa kwenye boksi la GPU, yaani kadi inayochora picha za gemu, siyo nguvu ya hiyo GPU. Dogo anadunduliza hela miezi na miezi, anaagiza GT 730 ya 4GB Kariakoo, inapanda basi mpaka Kigoma, ananiletea hapa Mwanga nimfungie, ananiambia "fundi hii itamkalisha jamaa yangu, yake ina 2GB tu". Ya jamaa yake ni GTX 750 Ti. Zote mbili zilitoka 2014, na hiyo ya 2GB inaiacha ya 4GB mbali mno. Inaniuma kwa sababu hela imeshatoka na muuzaji hapokei tena simu.

GB ni nafasi ya kuwekea picha za gemu, basi. Kasi inatoka kwenye koa, yaani vichakato vidogo vidogo ndani ya chipu vinavyochora, na kwenye upana wa njia kati ya memori na chipu. Ghala la dagaa Kibirizi lijengwe kubwa unavyotaka, kama mlangoni anapita mtu mmoja mmoja na gunia lake, gari litapakia mpaka kesho. Na GT 730 ina balaa lingine, jina moja kadi tatu: moja ina koa 96 tu, mbili zina koa 384, na katika hizo mbili ile yenye memori ya polepole ya DDR3 na njia ya biti 64 inapitisha gigabaiti 14 na ushee kwa sekunde. Yenye memori ya kasi zaidi ya GDDR5 inafika 40. Sasa 750 Ti ina koa 640, njia ya biti 128, inapitisha gigabaiti 86, yaani hata ile GT 730 nzuri kuliko zote haifiki nusu yake!! Rockstar wenyewe, waliotengeneza gemu ya GTA V, walipoileta kwenye PC 2015, kadi waliyopendekeza ni GTX 660 ya 2GB. Mbili.

Kwenye RAM ni yaleyale. Ukinunua Ryzen 5 5600G, prosesa yenye grafiki ndani yake, ucheze bila kadi, usichomeke kijiti kimoja cha 16GB, chukua viwili vya 8GB, maana grafiki za ndani zinatumia RAM hiyohiyo na vijiti viwili vinafungua njia mbili.

Pawa saplai kwa kifupi: mitumba ya ofisini kama Dell OptiPlex 7010 kwa kawaida haina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi, kwa hiyo baki na kadi za wati 75 kushuka zinazokula umeme wa sloti tu, pale kadi inapochomekwa, 750 Ti, 1050 Ti au GTX 1650, na uhakikishe haina tundu la waya maana zipo zenye tundu. Kama kasha ni slimu tafuta kadi ya kimo kifupi.

Sasa msije mkasema nimesema GB hazina kazi. Zikiisha utaziona, gemu mpya ikijaza 4GB kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta na hapo inakwamakwama hata koa ziwe nyingi vipi. Ndo maana mwenye bajeti ya kuongeza kidogo namwelekeza RX 580 ya 8GB, gigabaiti 256 kwa sekunde, ila inakula wati 185 so itafutie pawa saplai ya maana, na ile iliyoandikwa 2048SP ujue ni RX 570 imebadilishwa jina. Halafu nyingi za mitumba zimetoka kuchimba sarafu za mtandaoni. Hapa nina mashaka yangu na siyafichi kwa mteja: naipa mzigo saa nzima, naangalia joto na feni, inapita vizuri tu, lakini siwezi kumuapia mtu kwamba itamaliza mwaka.

Kabla hujatuma hela mwambie muuzaji aichomeke, afungue GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, akupigie picha. Kadi feki, kama zile 1050 Ti ambazo ndani ni GTS 450 ya 2010, matoleo ya GPU-Z ya kuanzia mwishoni mwa 2018 yanaziandika FAKE palepale kwenye jina. Ikiwa halali, nenda mstari wa Bandwidth, yaani gigabaiti zinazopita kwa sekunde, ukisoma chini ya 80 hiyo haikufai kwa gemu, iwe 2GB au 4GB.