Kupiga kambi kwa RV kwenye mbio za Talladega: dhana potofu na ukweli wake

Kila mwaka, msimu wa kuchipua na tena mwezi wa Oktoba, barabara kuu ya I-20 kati ya Atlanta na Birmingham hujaa magari yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, yale ambayo Marekani nzima huyaita RV, yakielekea Talladega Superspeedway, uwanja wa mbio za magari za NASCAR (shirika kubwa la mbio hizo Marekani), katika jimbo la Alabama. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1969. Mzunguko wake una urefu wa maili 2.66, yaani kilomita 4.28, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 33, mwinamo ambao mtu akijaribu kuupanda kwa miguu hulazimika kushika lami kwa mikono. Mswahili anayeishi Atlanta au Charlotte na kutaka kwenda huko na jamaa zake kwa mara ya kwanza hatakosa washauri, ila mengi atakayoambiwa yanachukulia kwamba RV ni chumba cha hoteli chenye magurudumu. RV ni nyumba inayojibebea umeme, maji na uchafu wake, na hakuna safari inayoijaribu nyumba hiyo kama wikendi ya mbio, ambapo maelfu ya nyumba za aina hiyo husongamana mahali pamoja kwa siku tatu au nne.

“RV ni nafuu kuliko hoteli”

Jibu hutegemea idadi ya watu. Bei inayotangazwa na wakodishaji ni ya siku tu, na juu yake huongezwa malipo ya kila maili inayozidi kiwango kilichoruhusiwa, malipo ya saa za jenereta, bima, usafi, na nafasi ya kambi inayolipiwa uwanjani kando. RV ya ukubwa wa kati huteketeza takriban lita 20 hadi 29 za petroli kwa kilomita 100. Watu wawili wakipiga hesabu hiyo kwa uaminifu, huenda wakaona heri chumba cha hoteli katika mji wa jirani. Watu sita wanaochangiana na kujipikia wenyewe wataona hesabu inageuka, hasa kwa kuwa hoteli za karibu hupandisha bei katika wiki ya mbio na baadhi humtaka mgeni alipie usiku kadhaa hata kama analala mmoja. Suala la bima lisichukuliwe kijuujuu: bima ya gari dogo la nyumbani haimaanishi kwamba RV ya kukodi imekingwa, na kadi nyingi za benki zinazojivunia kutoa bima ya gari la kukodi huziondoa RV katika masharti yao.

“Lazima uwe na leseni ya lori”

Majimbo mengi hayadai leseni hiyo, kwa kuwa karibu RV zote za kukodi zina uzito wa chini ya pauni 26,000, sawa na takriban kilo 11,800. Mgeni anayetoka Afrika Mashariki afahamu kwamba hati ya kimataifa ya udereva hutolewa katika nchi iliyotoa leseni yake, kabla ya kusafiri, na kwamba hati hiyo haina kazi bila leseni yenyewe mkononi.

Linalostahili kumtia dereva wasiwasi zaidi ni kimo cha gari. RV nyingi zikiwa na kiyoyozi juu ya paa hufikia futi 11 na zaidi, na programu ya ramani iliyo kwenye simu hailijui hilo; humwongoza dereva kana kwamba anaendesha gari dogo. Mjini Durham, North Carolina, jimbo lenye makao ya timu nyingi za NASCAR, lipo daraja la reli lililopata umaarufu kwa kuchuna mapaa ya malori na RV, kwa sababu nafasi iliyokuwa chini yake ilikuwa futi 11 na inchi 8 tu. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na hata baada ya hapo yameonekana magari yakiligonga. Kimo cha gari kiandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva, kwa futi na inchi, kwa kuwa vibao vya barabarani husomeka hivyo, na hakuna mtu anayeweza kugawanya mita kwa futi huku daraja likimjia. Kona za vituo vya mafuta na madirisha ya kununulia chakula bila kushuka garini ni mitego ya aina hiyo hiyo.

“Ukilipia nafasi ya kambi umelipia na kutazama mbio”

Kwa kawaida hivi ni vitu viwili. Nafasi ya kambi ni ya gari, ilhali tiketi ni ya mtu, na kwa kambi iliyo ndani ya mzunguko kila mtu huhitaji pia ruhusa ya kuingia. Nafasi nzuri aghalabu huwa na wenyewe, kwani waliozikalia mwaka uliopita hupewa fursa ya kwanza ya kulipia tena, na wanaobaki huingia katika orodha ya kungojea. Kwa hiyo anayefikiria kambi mwezi mmoja kabla ya mbio ajiandae kukaa mbali na uzio na kutembea.

“Kuna umeme, basi kila kitu kitafanya kazi kama nyumbani”

Hapa ndipo wikendi nyingi huharibikia, na hesabu yake inafaa kufanywa polepole. Nafasi za kambi viwanjani huwa za namna tatu: zisizo na umeme kabisa, zenye soketi ya ampea 30, na zenye soketi ya ampea 50. Soketi ya ampea 30 hutoa volti 120, yaani wati 3,600 kwa ukomo. Ile ya 50 haiizidi kwa ampea 20 tu kama jina linavyodanganya, kwa sababu ina nyaya mbili zenye umeme, kila moja ikibeba volti 120, na jumla yake hufika wati 12,000. Sasa chukua RV iliyounganishwa kwenye soketi ya 30 mchana wa jua la Alabama. Kiyoyozi kimoja cha darini kinakula takriban wati 1,500. Mtu akiwasha maikrowevu kupasha wali, zinaongezeka wati 1,300 hivi. Binti akiwasha mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,500, breka, yaani swichi ya usalama ya umeme, inakata, gari zima linazimika, na lawama zinaelekezwa uwanjani ilhali kosa ni la kujumlisha. Kanuni ya kambi ni kitu kizito kimoja pamoja na kiyoyozi, basi.

Waliozoea chai ya kweli wazingatie jambo moja zaidi. Birika la umeme la wati 2,000 lililotoka Dar es Salaam au Nairobi, lililotengenezwa kwa volti 240, likiunganishwa kwa adapta kwenye volti 120 hutoa robo tu ya nguvu yake, wati 500, na maji ya watu sita yatachukua muda wa kukatisha tamaa. Jiko la gesi la ndani ya RV humaliza kazi hiyo mapema zaidi.

Asiye na soketi hutegemea betri na jenereta. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 na volti 12 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya asidi na risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake. Kinachobaki kinatosha taa, pampu ya maji na kuchaji simu. Kiyoyozi kingekimaliza chini ya nusu saa. Jenereta nayo, katika RV nyingi za petroli, hunyonya mafuta kutoka tangi lile lile la gari, na bomba lake limewekwa juu kiasi kwamba tangi likishuka hadi karibu robo hujizima yenyewe. Huo si ubovu: mtengenezaji hataki ukwame kambini bila mafuta ya kuondokea. Aidha, sehemu nyingi zina saa za ukimya usiku, hivyo anayetegemea jenereta ili apate usingizi wenye ubaridi asome kanuni za kambi yake kabla ya kulipa.

“Moshi wa jenereta unaonekana, kwa hiyo hauwezi kukuvizia”

Kinachoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka nchini Marekani kwa sumu ya gesi hiyo katika ajali zisizohusiana na moto, na jenereta ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana. Mamlaka za afya hushauri jenereta ya kubebeka iwekwe umbali wa futi 20, yaani mita 6, kutoka madirishani. Kwenye kambi ya mbio, ambako magari hupangwa ubavu kwa ubavu, jenereta iliyo mbali na dirisha lako inaweza kuwa chini ya dirisha la jirani, na ya kwake chini ya lako, kwa hiyo mazungumzo na jirani huyo ni sehemu ya kuegesha gari. King'ora cha gesi kilichomo ndani ya RV kina tarehe ya kuisha muda nyuma yake. Kibonyezwe na kukaguliwa siku ya kulipokea gari, mbele ya mkodishaji.

“Maji yakiisha tutaongeza”

Wengi huogopa kukaukiwa, kumbe tatizo linaloanza kufika ni kujaa. RV ina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na la choo. Bomba la kuogea likitoa galoni 2 kwa dakika, mtu anayeoga dakika 5 ametumia galoni 10, karibu lita 38. Watu wanne wakioga hivyo asubuhi moja wamemimina galoni 40, wakati tangi la maji yaliyotumika katika RV nyingi za kukodi hubeba baina ya galoni 25 na 40. Likijaa, maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, ambalo kwa kawaida ni la bafu, na hapo mtu hukuta maji ya vyombo yenye mafuta ya pilau yakipanda na kumfunika vidole vya miguu. Wenzetu waliokulia kuoga kwa ndoo na kopo wana ujuzi ambao Wamarekani hulazimika kujifunza upya kambini. Ndoo ndogo ya lita 8 inamtosha mtu mzima. Viwanja vikubwa huwa pia na mabafu ya pamoja.

Wapo wanaosema kwamba maji ya sabuni hayana madhara na yanaweza kuachiwa yatiririke nyasini usiku. Kanuni za viwanja hulikataza hilo, na katika kambi iliyobanana mkondo huo huishia chini ya hema la jirani mwenye watoto. Njia halali ni kulipia gari la kunyonya majitaka linalozunguka baina ya RV, na ni vyema kuuliza ratiba na bei yake mapema, kwa kuwa Jumamosi jioni kila mtu hulitaka kwa wakati mmoja.

“Kutoka ndani ya mzunguko unaona mbio nzima”

Katika uwanja wa maili 2.66 macho hayafiki huko. Aliye ardhini huona kipande kimoja, magari yakipita kwa sekunde chache kisha kutoweka, na ndiyo maana wazoefu hubeba redio ya kusikilizia mazungumzo ya madereva na timu zao, ambayo NASCAR imeyaacha wazi kwa mashabiki. Kupanda juu ya paa la RV ya kukodi mara nyingi ni kuvunja mkataba, na mapaa mengi ni utando mwembamba juu ya mbao nyembamba. Masikio nayo yanahitaji kinga: taasisi ya Marekani ya usalama kazini huhesabu desibeli 85 kuwa salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu, hivyo desibeli 100 ni za dakika 15. Mbio hizi huzidi saa tatu. Kwa watoto, vifuniko vya masikio ni vya lazima.

“Mtu mweusi hana nafasi Talladega”

Dhana hii ina historia nyuma yake, na anayeicheka hawatendei haki wanaouliza. Tarehe 10 Juni 2020 NASCAR ilipiga marufuku bendera ya Muungano wa Kusini, yaani ya majimbo yaliyopigana kulinda utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika viwanja vyake vyote, ingawa katika barabara za nje ya uzio iliendelea kuonekana. Oktoba 2021, hapo hapo Talladega, Bubba Wallace, mzaliwa wa Mobile, Alabama, alishinda na kuwa dereva mweusi wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu la NASCAR tangu Wendell Scott mwaka 1963. Kwa maoni yangu, lenye uzito zaidi kwa familia ni sehemu ya kambi itakayochagua: eneo liitwalo Talladega Boulevard, ndani ya mzunguko, linajulikana kwa sherehe za usiku kucha, na kambi za nje ya uzio kwa kawaida ni tulivu kuliko hapo.

“Jumapili jioni tutakuwa njiani kurudi”

Ushindi huo wa Wallace ulipatikana siku ya Jumatatu, kwa sababu Jumapili ilinyesha mvua, kisha mvua ikarudi na mbio zikakatishwa kwenye mzunguko wa 117 kati ya 188. Juni 2020 pia mbio za Talladega zilisogezwa hadi Jumatatu, na Daytona 500, mbio kubwa za NASCAR huko Florida, ilipatwa na hali hiyo mwaka 2012, 2020 na 2024. Magari ya NASCAR hayakimbizwi kwenye viwanja vikubwa vya duara vikiwa na maji, na kukausha kilomita nne za lami huchukua saa nyingi. Nusu ya mbio ikishakamilika, matokeo yanaweza kutangazwa rasmi na mwenye tiketi hana madai. Anayekodi RV na kuahidi kuirudisha Jumatatu asubuhi amejiweka pabaya. Heri alipie hadi Jumanne na aombe likizo ya siku hiyo mapema.

Hata kukiwa na jua, foleni ya kutoka Jumapili usiku haina faida. Anayelala na kuondoka alfajiri hukuta barabara nyeupe na kituo cha kumwagia majitaka hakina msururu, jambo la maana kwa kuwa wakodishaji wengi hutoza faini kwa tangi lililorudi limejaa. Avae glovu, afungue kwanza valvu ya tangi la choo hadi litoke lote, kisha ile ya maji ya sabuni, ili maji hayo yasafishe bomba kabla halijafunguliwa na kurudishwa mahali pake.