Wando wa mawe katika mto Little Tennessee

Chini kidogo ya mji wa Franklin, jimbo la North Carolina, maji ya mto Little Tennessee yakipungua unaona safu mbili za mawe. Kila moja inaanzia ukingo wake, zinakutana katikati, na ncha inaelekea mto unakoteremkia. Mgeni hudhani ni maporomoko madogo. Ni wando. Wacherokee, wenyeji wa asili wa milima hii, waliyapanga mawe hayo kwa mikono, wakawa wanawaswaga samaki kutoka juu hadi penye ncha, ambapo kapu la mwanzi wa mtoni liliwasubiri. Mtu wa Pwani aliyezoea uzio na dema ataielewa kazi hiyo mara moja.

Kazi yangu mimi ni kome wa maji baridi. Nalala kifudifudi mtoni, miwani ya kuzamia usoni, napapasa changarawe. Ninayemtafuta zaidi ni kome anayeitwa Appalachian elktoe, ambaye serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1994. Maisha yake ni ya ajabu. Jike huachia watoto wadogo kama punje za chumvi, nao wasiponasa kwenye mashavu ya samaki, hufa. Samaki anayewafaa ni mdogo, ana kichwa kipana na hukaa chini ya mawe. Watoto humng'ang'ania kwa muda, wakapevuka, kisha hudondoka na kuanza maisha yao mchangani. Kwa hiyo siwezi kumhesabu kome bila kuuliza habari za samaki, wala habari za samaki bila kuuliza kama mawe yamefunikwa na tope.

Hapo ndipo mabwawa yanapoingia, maana huwazuia samaki na kuacha tope litulie. Mto huu una urefu wa kilomita zipatazo 217. Unaanzia milima ya Georgia, unaelekea kaskazini, kisha unaingia Tennessee. Bwawa la Fontana, lililokamilika mwaka 1944, lina ukuta wa mita 146. Huko chini zaidi, mwaka 1979, bwawa la Tellico lilizamisha Chota, uliokuwa mji mkuu wa Wacherokee, pamoja na Tanasi, mji ulioipa Tennessee jina lake. Watu wengi wanaikumbuka kesi ya kulizuia bwawa la Tellico kwa sababu ya samaki mmoja mdogo mla konokono, ambaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilimtetea mwaka 1978 kabla Bunge halijaipa Tellico ruhusa ya pekee ya kukamilishwa. Samaki yule alihamishiwa mito mingine, na mwaka 2022 akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Makaburi na viwanja vya mikutano vya Chota havikuwa na mto mwingine wa kuhamia. Jambo hili linaniuma kila ninapopita kule.

Ndiyo maana kipande kilichobaki huru, kati ya bwawa dogo la Franklin na maji ya Fontana, nakipenda kuliko mahali pengine popote pa kazi. Huko ndiko ulipo Cowee, mji ambao William Bartram, mtaalamu wa mimea, aliufikia mwaka 1775. Mwaka uliofuata wanamgambo wa kikoloni waliuchoma. Kilima cha udongo kilichobeba nyumba ya baraza lake bado kipo, na mwaka 2007 kilirudi mikononi mwa Eastern Band of Cherokee Indians, wazao wa wale waliobaki milimani wenzao walipofukuzwa kwenda magharibi mwaka 1838.

Wacherokee huuita mto Mtu Mrefu: kichwa chake kiko milimani, miguu yake nyanda za chini, na husema na wenye kumwelewa. Alfajiri watu waliteremka kujitosa, wakiomba.

Mbele ya Cowee kuna Needmore, ardhi ambayo kampuni ya umeme iliishikilia kwa miaka mingi ikikusudia kujenga bwawa. Wakulima, wawindaji, wavuvi na Wacherokee, watu wasiokubaliana mambo mengi, walishirikiana hadi mwaka 2004 ardhi hiyo ikawekwa chini ya hifadhi. Hata hivyo hifadhi haikumaliza tatizo: elktoe wameporomoka katika kipande hiki tangu miaka ya 2000, na siku hizi nikimpata mmoja mzima namshika kwa mikono miwili, nampima, namrudisha palepale nilipomtoa.

Katika majira ya machipuko samaki wakubwa hupanda mto kutaga. Mmoja wao ana pezi la mgongoni lililopinda kama mundu, na kwenye maji haba pezi hilo huchomoza juu. Wanasayansi walitambua kwamba ni spishi ya peke yake mwaka 1992 tu. Wacherokee walikuwa na jina lake zamani: ugidatli, aliyevaa unyoya. Aprili, nikisimama karibu na ule wando, nawaona wanapita kwenye uwazi wa ncha, unyoya mmoja baada ya mwingine.