Mary Johnston na insha zinazonichosha

Kila nikifundisha riwaya ya kihistoria ya Marekani, insha zinaniletea sentensi ileile: Mary Johnston, mwandishi wa riwaya kutoka jimbo la Virginia, alikuwa binti wa ofisa wa jeshi la Kusini (majimbo yaliyojitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani), kwa hiyo kura aliyoipigania ilikuwa ya wanawake wa Kizungu peke yao. Nimechoka kuweka alama ya wino mwekundu hapo.

Ni kweli baba yake alipigania Kusini, na Joseph E. Johnston, jenerali wa jeshi hilo, alikuwa wa ukoo wao. Ni kweli pia kwamba chama cha kudai kura alichoshiriki kukianzisha Richmond, mji mkuu wa Virginia, mwaka 1909 hakikuwa na nafasi kwa wanawake Weusi. Lakini someni barua yake ya Januari 1913 kwa Lila Meade Valentine, mwenyekiti wa chama hicho. Anaonya kwamba wanawake Weusi, na Wazungu ambao kosa lao ni umaskini tu, wasije siku moja wakasema tuliwasaliti na kuwafungia nje ya uhuru. Wakati huo wanaharakati wengine wa Kusini walikuwa wakinadi kura ya mwanamke kama ngao ya utawala wa Wazungu, na hoja hiyo ilikuwa na wateja. Miaka kumi baadaye akachapisha hadithi fupi ya kulaani mauaji ya Weusi mikononi mwa umati. Sasa msimgeuze mtakatifu: ile barua ilikuwa ya faragha, na chama hakikubadilika. Anayeandika "aliwapigania wote" naye namkata alama.

Eti aliandika mapenzi na mapanga tu? Hayo ni ya *To Have and to Hold*, iliyovuma sana mwaka 1900. Fungueni *The Long Roll* ya 1911. Stonewall Jackson, jenerali mashuhuri wa Kusini, amechorwa humo na ukaidi wake na vituko vyake vyote, hadi mjane wake akalalamika hadharani.

Na eti Virginia iliwapa wanawake kura mwaka 1920. Haikuwapa! Bunge la jimbo liliyakataa Marekebisho ya 19 ya Katiba ya Marekani, yaliyowapa wanawake kura. Jimbo la Tennessee ndilo lililokamilisha idadi ya majimbo iliyohitajika kuyapitisha. Virginia iliyaridhia mwaka 1952, Johnston akiwa kaburini tangu 1936. Hata baada ya 1920, asiyelipa kodi ya kichwa, dola 1.50 kwa mwaka, hakupiga kura, na kodi hiyo ilidumu jimboni hadi miaka ya 1960.